Kuchagua kozi ya chuo kikuu ukilenga kazi ya kompyuta au gemu: pima kwanza, jaza fomu baadaye

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, simu yangu haitulii. Wadogo zangu wa ukoo, watoto wa majirani, na wengine waliopewa tu namba yangu na mama zao, wote wana swali moja: "Kaka, napenda kompyuta, nataka kutengeneza gemu. Nijaze kozi gani?"

Nimeamua kuandika jibu lote mahali pamoja, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Nilichagua kozi kwa jina. Ilikuwa na neno "kompyuta" na neno "teknolojia", nikaona yametosha. Nilipofika mwaka wa pili ndipo nikatambua kuwa katika mihula yote sita hakuna somo hata moja la michoro ya kompyuta, na hisabati imeishia muhula wa kwanza. Nilichokikosa darasani nilikitafuta usiku, kwa bando la kuungaunga, miaka miwili mizima baada ya kuhitimu. Nisingependa mdogo wangu apite njia hiyo hiyo.

Nazungumza zaidi na aliyesoma Tanzania, maana mfumo wake ndio nilioupitia. Wa Kenya nitampa neno lake mbele kidogo.

Hatua ya 1: Jipime kwa bao

Usianze na majina ya vyuo. Anza na bao la kiswahili, lile la barazani: mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 zikiwa kwenye nyumba (lile shimo maalumu) na 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayoifuata, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Zikiisha za mkononi, mnaingia mtaji, awamu ya kucheza na zilizo ubaoni tu. Sasa tuseme mimi na wewe tunaligeuza liwe gemu ya simu. Kazi ipi ungeikimbilia kabla sijamaliza kusema?

Kama ni kuifundisha kompyuta sheria, ijue lini ni lazima kula na lini ni takata (kusambaza kete bila kula), kisha icheze dhidi ya fundi wa bao na isiaibike, basi damu yako ni ya Sayansi ya Kompyuta. Kompyuta inayocheza bao inatazama kila hatua inayowezekana, kisha majibu ya mpinzani kwa kila hatua, kisha majibu ya majibu, mti unatanuka mpaka kumbukumbu inajaa. Kuukata mti huo bila kupoteza tawi zuri ni somo la algoridhimu, na hakuna kozi inayolifundisha kwa kina kuliko hii.

Kama ulichokiwaza ni mtu wa Tanga kucheza na mtu wa Kigoma, mtandao ukikatika katikati ya mchezo kete zisipotee, malipo ya simu yapite, na watu elfu wakiingia usiku mmoja seva isianguke, tazama Uhandisi wa Programu. Huko utafundishwa kujenga kitu kikubwa pamoja na wenzako, kukijaribu, na kukitunza miaka mitano bila kukivunja.

Kuna anayewaza ubao wenyewe: mbao halisi yenye vihisio chini ya kila shimo, ambayo yenyewe inahesabu kete. Huyo ni wa Uhandisi wa Kompyuta au elektroniki. Na kuna aliyeshaanza kuchora mkono unaotupa kete, rangi ya mninga, na sauti ya kete ikigonga kete. Huyo asilazimishwe kusoma algoridhimu kwa miaka mitatu ili tu wazazi waridhike. Njia yake ni midia anuwai na uhuishaji, na dunia ya gemu inamhitaji sawasawa na mwandishi wa programu.

Aliyewaza namna mtu atakavyoiba kete kwa kuidanganya seva, nampeleka usalama wa mtandao.

Andika jibu lako kwenye karatasi, tena leo, kabla mjomba hajakuambia kozi "yenye ajira". Utalihitaji kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 2: Kuwa mkweli kuhusu pointi na hisabati

Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Sharti la chini kabisa la Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni prinsipo mbili (masomo mawili yaliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0. Hilo ni sharti la kufunguliwa geti tu. Kozi za kompyuta kwenye vyuo vinavyogombaniwa huchukua kuanzia juu kushuka, na mwenye 4.0 anaweza kuachwa nje hata kama sifa anazo. Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kinachoonyesha kila kozi, masomo inayoyataka, muda wake na nafasi zake. Kipakue cha mwaka wako. Kaka yako akikupa cha miaka mitatu iliyopita, mshukuru na ukiweke pembeni.

Aliyetoka PCM, PGM au EGM, tahasusi zenye hisabati, ana njia nyepesi. Wa PCB na CBG msikate tamaa: kozi nyingi hupokea prinsipo nyingine ilimradi una BAM (hisabati ya nyongeza ya kidato cha sita) au umefaulu hisabati ya kidato cha nne. Soma sharti la kozi yako neno kwa neno. Na ambaye kidato cha sita hakikwenda vizuri, au hakukifika, stashahada ya NTA (tuzo za elimu ya ufundi) ngazi ya 6 yenye GPA ya 3.0 humfikisha chuo kikuu, akiwa ameshashika kazi kwa mikono miaka miwili au mitatu. Nimefanya kazi na waliopita njia hiyo. Mara nyingi ndio wanaojua kufungua mashine na kuitengeneza wakati sisi wengine tunaitazama.

Sasa hisabati yenyewe. Vijana wengi huniambia wanapenda gemu lakini hisabati hapana. Naomba nikae hapa kidogo.

Mhusika wako anaruka. Unataka afike mita 2 juu kisha atue. Ile fizikia ya kidato cha tano uliyoikariri kwa ajili ya mtihani inasema kasi ya kuanzia ni kipeuo cha pili cha 2gh. Kwa mvutano wa dunia wa 9.8, ni kama mita 6.3 kwa sekunde, na safari nzima ya kwenda na kurudi ni karibu sekunde 1.3. Ukiiweka hivyo kwenye gemu, mchezaji atalalamika kuwa mhusika anaelea kama puto. Kwa hiyo unaongeza mvutano mara mbili, unakokotoa upya, kasi inakuwa karibu 8.9, na safari inashuka hadi sekunde 0.9. Hapo mruko unakuwa na uzito. Hakuna aliyekuambia kuwa ile karatasi ya majibu ilikuwa inapika utamu wa mchezo.

Au chukua mlinzi anayelinda mlango. Atajuaje kuwa umepita mbele yake na si nyuma? Una vekta ya anakotazama na vekta ya kutoka kwake hadi kwako, zote zenye urefu wa 1. Unazizidisha kwa zao la nukta (dot product). Jibu likizidi 0.5, uko ndani ya nyuzi 60 za upande wowote wa macho yake: amekuona. Mstari mmoja wa programu. Na hayo yote, pamoja na kuchora kila kitu kwenye kioo, lazima yaishe ndani ya milisekunde 16 na kitu, kwa sababu gemu inachora picha 60 kila sekunde.

Nimeeleza haya ili kozi yenye vekta, matriki na uwezekano isikutishe. Ni ile isiyokuwa nayo ndiyo ya kuogopa.

Hatua ya 3: Soma masomo ya kozi muhula kwa muhula

Hii ndiyo hatua niliyoiruka mimi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ingia tovuti ya chuo, tafuta mtaala wa kozi, au omba nakala kwa mwanafunzi aliye mwaka wa pili. Kaa na kalamu.

Kwa yeyote anayetaka kuandika programu, ya gemu au ya benki, nataka nione miundo ya data na algoridhimu, mifumo endeshi, mitandao, kanzidata, na masomo ya kuandika programu yasiyopungua matatu. Nataka nione hisabati ikivuka mwaka wa kwanza. Kwa wa gemu naongeza michoro ya kompyuta na akili unde (AI), hata kama ni masomo ya hiari. Na lazima kuwe na mradi wa mwaka wa mwisho, ule unaoujenga na kuutetea mbele ya walimu, maana utakuruhusu kutengeneza gemu yako na kupewa alama.

Kisha hesabu kinyume. Masomo mangapi ni ya uongozi, uhasibu, mawasiliano ya biashara? Hayana ubaya. Kozi za mifumo ya habari na teknolojia ya habari kwa biashara zina kazi nzuri kwenye mabenki na mashirika, na anayependa kukaa kati ya wataalamu wa kompyuta na wakubwa wa kampuni afuate huko kwa moyo mmoja. Ila kama karatasi yako ya bao ilisema algoridhimu, na nusu ya mtaala ni uongozi, kozi hiyo si yako hata jina lake likimeremeta.

Tazama na muda. Sayansi ya Kompyuta kwa kawaida ni miaka mitatu, uhandisi ni minne. Mwaka huo mmoja ni ada, chakula na pango. Mzazi aujue kabla, sio mwaka wa tatu.

Hatua ya 4: Vyuo vyenyewe

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina CoICT, ndaki yake ya TEHAMA, pale Kijitonyama, mbali kidogo na kampasi kuu ya Mlimani. Ndipo ilipo Sayansi ya Kompyuta na Uhandisi wa Kompyuta. Chuo Kikuu cha Dodoma kina CIVE, ndaki yake ya kompyuta, ambayo kwa maoni yangu ina kozi za kompyuta za aina nyingi kuliko mahali pengine nchini: Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Programu, usalama wa mtandao, na hata midia anuwai na uhuishaji. Aliyeandika "mkono unaotupa kete" kwenye karatasi yake aanzie kutazama huko. DIT (taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam) na MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia) ya Mbeya ni za wanaopenda kushika nyaya. IFM (chuo cha usimamizi wa fedha) na IAA (chuo cha uhasibu) ya Arusha zinatoa shahada za kompyuta kwa mfumo wa NTA, ngazi ya 8, na hiyo ni shahada kamili, asikudanganye mtu. Zanzibar kuna SUZA, chuo kikuu cha taifa cha huko, na tangu 2023 ipo kampasi ya IIT Madras, ya kwanza ya taasisi hizo za India kufunguliwa nje ya nchi yao, inayofundisha sayansi ya data na akili unde. Wa takwimu na hisabati nzito aitazame.

Kenya mambo hupitia KUCCPS, chombo kinachopanga wanafunzi vyuoni. Pointi za kundi la masomo ndizo zinazoamua, si alama ya jumla peke yake, hivyo hisabati na fizikia za KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) zina sauti kubwa. Kazi ya kusoma mtaala ni ile ile.

Vipi shahada ya gemu yenyewe, yenye jina hilo? Ipo nje. Chuo Kikuu cha Abertay, katika mji wa Dundee huko Scotland, kilianza kutoa shahada ya michezo ya kompyuta 1997, mwaka ambao Grand Theft Auto, iliyozaliwa mji huo huo, ilitoka. Ni shule nzuri. Ukipata ufadhili nenda, ila pitia kwanza TCU upate cheti chao cha kutokuwa na pingamizi, na hakikisha shahada utakayorudi nayo itatambuliwa.

Lakini kama mzazi atauza kiwanja ili ukasome gemu ughaibuni, nakusihi usikubali. Miaka ya 2023 na 2024 kampuni kubwa za gemu duniani zilipunguza wafanyakazi kwa maelfu, wenye uzoefu wa miaka kumi wakijikuta nje. Mwenye Sayansi ya Kompyuta anaweza kuhamia benki, kampuni ya simu au hospitali bila kusoma upya. Huku kwetu studio za gemu ni chache na ndogo, na wengi wetu tunaotengeneza gemu tuna kazi nyingine inayolipa kodi ya nyumba. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwandishi wa programu ni huu: chukua shahada pana na ngumu, gemu ujenge kando tangu wiki ya kwanza.

Wala sisemi kuwa haiwezekani kutokea hapa. Ubongo ya Dar es Salaam ilianza na katuni za kufundishia watoto hesabu kwa Kiswahili, na leo zinatazamwa nchi nyingi za Afrika. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa Aurion 2016, gemu nzima iliyotoka kwenye hadithi za Kiafrika. Lual Mayen alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, mama yake akadunduliza miaka mitatu kupata dola 300 za laptopu, naye akatengeneza gemu ya amani iitwayo Salaam.

Hatua ya 5: Ongea na walio ndani

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakuambia kisichoandikwa popote. Muulize: maabara zinafunguliwa mpaka saa ngapi, na mashine zinafanya kazi? Somo la michoro ya kompyuta lina mwalimu, au lipo kwenye karatasi tu? Watu wanadisco (wanafukuzwa kwa kufeli) kwa somo gani? Mafunzo kwa vitendo unatafutiwa nafasi au unajitafutia? Kuna klabu ya wanafunzi wanaoandika programu, na inakutana kweli? Muombe akuonyeshe kitu kimoja alichokijenga mwenyewe. Ukiwauliza watatu na wote wakakosa cha kuonyesha, rudi kwenye orodha yako.

Hatua ya 6: Fedha na mashine

Mkopo wa Bodi ya Mikopo unaombwa kwa dirisha lake, tofauti na la udahili. Andaa vyeti mapema. Waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi waulizie Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023.

Bumu la kwanza, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lisiishie kwenye simu mpya. Nunua laptopu, hata iliyotumika, yenye RAM ya GB 8 au zaidi na diski ya SSD. Kwa gemu, injini ya Godot ni bure kabisa na hukimbia hata kwenye mashine ya kawaida. Unity inataka nguvu kiasi na lugha yake ni C#. Unreal, ya C++, inadai mashine nzito. Isikuingize kwenye deni mwaka wa kwanza. Blender ya kuchorea ni bure pia. Kuweka gemu kwenye duka la Google Play ni dola 25 mara moja tu, na Steam ni dola 100 kwa kila gemu.

Hatua ya 7: Zungumza na mzazi

Ukisema "gemu", mzazi anaona kijana aliyekesha kwenye kibanda cha PlayStation. Ana haki ya kuogopa, yeye ndiye analipa. Usimbishie. Mpelekee karatasi mbili: mtaala wa kozi, na tangazo la kazi la benki au kampuni ya simu linalotaka shahada hiyo hiyo. Mwambie, "Mama, hii ndiyo kozi, na hawa ndio wanaoajiri. Gemu nitatengeneza baada ya masomo." Halafu ushike neno lako. Sapu (mitihani ya marudio) mbili mwaka wa kwanza zitafuta hayo yote.

Hatua ya 8: Jaza, kisha thibitisha

Unaomba moja kwa moja kwenye vyuo. Omba zaidi ya kimoja, na kozi unayoitaka kweli iwe ya kwanza. Weka na moja ambayo pointi zako zinaizidi wazi. Kama dirisha likifunguliwa ukiwa kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), muachie ndugu unayemwamini namba zako za mtihani na mpangilio wako ulioandikwa kwa mkono, asichague yeye. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa kwenye simu, ndani ya siku zilizotangazwa. Laini uliyojaza kwenye fomu isizimwe wala isigawiwe mdogo wako. Nafasi nzuri zimepotea kwa laini iliyokuwa kwenye droo.

Hatua ya 9: Miezi kabla ya kufungua chuo

Kati ya udahili na Oktoba au Novemba kuna wiki za kukaa bure. Pakua Godot na utengeneze lile bao. Lisiwe zuri, liwe sahihi. Anza na orodha ya namba 32, 16 zako na 16 za mpinzani, uzijaze kama mnavyopanga barazani. Halafu iamuru kompyuta ijumlishe: 20 ubaoni, 44 mikononi. Zikitimia 64, kete ya kwanza iko tayari kunamuliwa.